Jina la Kumi na Moja

Katika nyumba za Muhumba, mjini Bukavu, zile zenye bustani zinazoshuka hadi ziwani, shati lililopita mikononi mwa Adélaïde lilijulikana bila kuuliza. Kola ilisimama yenyewe na mikono ilinyooka kama iliyopigwa rula. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana kwa sababu ya pasi ya makaa, na alipiga pasi kimya huku wenzake wakiimba. Kazi hiyo alifundishwa na masera, masista wa misheni waliomlea, na kufikia mwaka 1958 alikuwa ameifanya miaka kumi na saba, tangu alipoolewa na Stanislas, fundi wa magari, wakapata nyumba ya matofali huko Kadutu.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa na mume asiyelewa hovyo, alikuwa na watoto wanne, na binti yake mkubwa, Noëlla, alikuwa amemaliza shule ya ushonaji. Swali moja tu lilimfanya ainue ndoo yake kabla haijajaa na kuondoka bombani. Lilikuwa swali la kawaida ambalo mwanamke yeyote wa Kishi humuuliza mwenzake siku ya kwanza wanapokutana.

"Weye uko M'nani?"

Maana kwa Bashi, watu wa kabila hilo la Kishi, binti hubeba jina la baba yake. Binti wa Bisimwa ni M'Bisimwa, na atabaki M'Bisimwa akiolewa, akizaa, akizeeka na akizikwa. Adélaïde hakuwa M'mtu yeyote. Aliletwa misheni akiwa na miaka kama minne, hasemi neno. Masera walimwambia baadaye kwamba alikaa miezi minne bila kufungua kinywa, na siku alipokifungua aliomba chumvi. Wakati huo jina lake la zamani lilikuwa limekwisha kupotea, na yeye mwenyewe hakulikumbuka. Wanawake wa bombani, bila ubaya, walimwita M'Masera. Alicheka nao, akazoea. Lakini hakuzoea kabisa.

Mwezi wa tano mwaka ule, vijana wawili walipopendana, jambo hilo likaingia ndani ya nyumba yake. Noëlla aliposwa. Kijana mwenyewe alikuwa mpole na mwenye kazi, na nyumba zote mbili zilifurahi. Siku ya mazungumzo alikuja mjomba wa kijana, jina lake Adalbert, mtu mnene, mwenye adabu, ambaye alikunywa kikombe chake chote cha chai ndipo akasema lililomleta.

"Mama Noëlla," alisema, "ukoo ya Papa Stanislas tunaijua. Ni batu bazuri. Lakini ukoo yako weye hatujue. Na mutoto iko na damu ya pande mbili. Kama ni ukoo moja na yetu, tutaoza ndugu na ndugu. Nani atabeba hiyo kintu?"

Adélaïde alijibu kweli tupu. "Papa Adalbert, miye mwenyewe sijue."

"Njo maana ninauliza polepole," alisema yule mzee. "Hatukatae. Tunangojea."

Alipoondoka, Noëlla aliingia chumbani akafunga mlango. Adélaïde alibaki ameshika kikombe tupu cha mgeni. Maisha yake yote alikuwa ameona kutokujua kwake kuwa ni shida yake peke yake, kama jino bovu. Sasa aliliona linahamia kwa mtoto.

Stanislas ndiye aliyesema habari za Cercle. "Kuko batu pale ku masomo," alimwambia, "kila siku ya Mungu, nyuma ya misa ya pili. Banaandika bankambo ya batu. Fundi mwenzangu balimupatia ukoo ya mama yake mpaka kule Walungu."

"Wale bakarani ba cravate?" aliuliza Adélaïde, akigusa shingo mahali pa tai.

"Bale bale."

Cercle ya Bankambo, yaani kikundi cha mababu, ilizaliwa kwa ajili ya maiti. Miaka minne nyuma, mtu mmoja wa Kadutu alikufa kwa homa, na hakuna jirani aliyejua nyumbani kwao ni wapi. Walimzika wenyewe. Wiki sita baadaye ndugu yake akafika mlangoni na kikapu cha maharage, amekuja kumsalimia. Aliyemfungulia mlango alikuwa karani wa territoire, ofisi ya serikali ya wilaya, Camille Bisimwa, na kazi ya kumwambia yule mgeni ilimwangukia yeye. Siku ile ile Camille alinunua daftari. Aliwakusanya rafiki zake, wakiwemo mwalimu Déogratias na wengine watatu wenye kusoma na kuandika, wakaanza kuwauliza watu wa Kadutu: wewe ni mwana wa nani, wa kilima gani, na nani apelekewe habari yako? Watu walikuja kwa ajili ya habari za mauti, wakaanza kukaa kwa ajili ya habari za uzao.

Adélaïde alifika Jumapili ile akiwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Darasani kulikuwa na meza moja mbele, na madaftari saba yamepangwa juu yake. Alitazama migongo ya madaftari yale. Majina ya watu wangapi yalikuwa yamelala mle? Aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao.

Camille alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mahali pa kishikio kilichovunjika. Hakumuuliza baba yake ni nani. Alimuuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Nani alikubeba kukuleta ku misheni?"

"Banasema katekista. Alishakufa."

"Alitokea upande gani?"

"Njia ya Mwenga. Alikuwa anatoka kufundisha kule."

"Mwezi gani?"

Adélaïde alitoa kwenye mkoba wake karatasi ya ubatizo iliyokunjwa mara nne. Camille aliifungua taratibu, akasoma kwa sauti ili wenzake waandike. Baba, hajulikani. Mama, hajulikani, alikutwa amekufa kando ya njia. Mtoto wa kike, anakisiwa miaka minne. Ameletwa mwezi wa nane, mwaka 1930.

"Mwezi wa nane, trente," alirudia Camille, na kalamu yake ikakaa juu ya tarehe ile. "Na mwili yako, mama, samahani. Iko na alama yoyote ya utoto?"

Mwalimu Déogratias alikohoa na kutazama dirishani kwa heshima. Adélaïde alikunja mkono wa blauzi. Juu ya mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, kulikuwa na kovu la moto lenye umbo la jani la maharage. Alikuwa nalo tangu siku zote anazozikumbuka. Camille aliliangalia bila kuligusa, akaandika mistari miwili.

"Hatuahidi kintu," alisema. "Lakini tunatafuta."

Alirudi nyumbani akiwa hana alichopata. Hata hivyo kuna kitu kilikuwa kimebadilika. Kwa mara ya kwanza ujinga wake ulikuwa umeandikwa na watu wazima kwa wino, kama jambo la maana.

Zikapita wiki tatu. Alhamisi moja mchana, Camille alikuja Kadutu bila koti, jasho likimtoka, akasimama mlangoni bila hata kuketi.

"Mama Noëlla, kesho upite ku biro. Saa sita, wakati bazungu banaenda kula. Nimeomba ruhusa ku chef, amekubali. Anasema usiguse kintu."

"Nimekosa nini?"

"Haujakosa. Lakini siwezi kusema. Nikikosea miye, nitakuua."

Ofisi ile ya territoire Adélaïde aliipita kila asubuhi akishuka Muhumba na kila jioni akipanda Kadutu. Alikuwa amepita mbele ya ngazi zake miaka kumi na saba. Hakuwahi kuingia. Alipofika mlangoni alivua viatu, na Camille hakumkataza. Walipita korido ndefu yenye harufu ya karatasi na dawa ya mchwa, hadi chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Vitabu vilipanda hadi darini. Stanislas, aliyeomba ruhusa gereji ili amsindikize, alivua kofia.

Juu ya meza kulikuwa na kitabu kikubwa, ngozi yake imeliwa pembeni. Camille alikifungua mahali alipoweka kipande cha uzi.

"Hii ni kitabu ya malalamiko ya batu," alisema. "Iliandikwa na karani wa wakati ule. Iko kifaransa. Nitakusomea kwa swahili."

Akasoma. Tarehe tatu mwezi wa kumi, 1930. Amefika mtu anayeitwa Cirhuza, mwana wa Mushagalusa, wa upande wa Kavumu, mfanyakazi wa machimbo ya dhahabu ya Mwenga, aliye likizoni. Anasema mke wake alitoka nyumbani mwezi wa saba kumfuata machimboni, pamoja na mtoto wao wa kike. Hawakufika. Anaomba serikali imsaidie kuwatafuta. Mtoto ana miaka minne. Ana kovu la moto mkono wa kushoto.

Adélaïde alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, bila kujua.

"Bado," alisema Camille. Akafungua ukurasa mwingine. Tarehe kumi na nne, mwezi ule ule. Cirhuza, mwana wa Mushagalusa, amerudi. Anauliza kama kuna habari. Hakuna. Akafungua mwingine tena. Tarehe ishirini na tisa. Mtu yule yule amefika kwa mara ya tatu. Ameelezwa kwamba hakuna habari. Amekataa kuondoka mlangoni hadi jioni.

Chini ya kila andiko palikuwa na alama ya kidole gumba, ya wino wa zambarau. Alama tatu. Ya kwanza ilikuwa safi, mistari yake inazunguka kama maji yaliyotupiwa jiwe. Ya pili ilikuwa imesukwasukwa. Ya tatu ilikuwa imebonyezwa kwa nguvu hadi karatasi ikaingia ndani kidogo.

"Njo yeye?" aliuliza Adélaïde.

"Njo kidole yake. Hakujua kuandika."

Aliinama. Alikuwa amekatazwa kugusa, na hakugusa. Alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaifikia karatasi, kisha akaogopa kwamba pumzi itafuta wino, akajizuia kupumua. Alihisi woga ule wa kanisani, wakati kengele inapolia na watu wote wanainama. Ngozi ya baba yake ilikuwa pale, upana wa kidole mbele ya macho yake. Ilikuwa imekaa pale gizani wakati yeye anapita nje na kikapu cha mashati ya watu. Mtu alikuwa amemtafuta. Mara tatu. Alikuwa amekataa kuondoka mlangoni.

Stanislas alilia kabla yake. Yeye alilia baadaye, kwenye ngazi, viatu mkononi.

"Kitu kimoja kinanichoma," Camille alisema walipokuwa nje. "Kitabu ya masera iliandikwa mwezi wa nane. Hii iliandikwa mwezi wa kumi. Zote mbili mu muji moja. Mutu akitembea polepole, anatoka huku na anafika kule, chai haijapoa. Miaka makumi mbili na munane, hakuna mutu aliyezipeleka pamoja."

Cercle haikuwa na gari wala simu, lakini ilikuwa na makatekista. Camille aliandika barua fupi, na Jumapili iliyofuata ikasomwa baada ya ibada katika makanisa madogo yote ya upande wa Kavumu: anatafutwa mtu yeyote wa nyumba ya Mushagalusa, baba wa Cirhuza aliyefanya kazi Mwenga. Jibu lilirudi siku ya nne, limebebwa na mchuuzi wa nyanya. Lilikuwa maneno machache tu. Waje. Dada ya Cirhuza yuko.

Walipanda kamio, lori la mboga lililokuwa linarudi tupu kwa njia ya Goma: Adélaïde, Stanislas, Noëlla na Camille aliyebeba daftari jipya ndani ya koti ili lisiloe. Njiani ziwa lilionekana na kupotea, likaonekana tena. Adélaïde alijitayarisha kumkuta bibi kizee aliyepofuka, anayeletwa kwa fimbo. Waliposhuka Kavumu na kupanda kilima kwa mguu, waliyemkuta ni mwanamke mwenye nguvu, wa miaka arobaini hivi, amesimama katikati ya shamba la maharage na jembe begani. Alikuwa mfupi. Mabega yake yalikuwa mapana.

Hakukimbia kuwapokea. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, kisha akamwangalia Adélaïde.

"Batu bengi bamekuya hapa juu ya shamba," alisema. "Mutu anaweza kusema anachotaka. Onyesha mukono."

Adélaïde alikunja blauzi. Mwanamke yule alitupa jembe chini. Aliukamata mkono, akaweka kidole juu ya kovu, akalifuata pembeni polepole kama mtu anayesoma. Alipofika mwisho hakuondoa kidole.

"Miye njo nilikuchoma," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilikuwa ninakubeba, na tena ninaepua sufuria. Nilitaka kufanya mambo mawili. Baba alinipiga, na mama yako akamukataza. Alisema, muache, ni mutoto." Akamshika usoni kwa mikono yenye udongo. "Nsimire. Nsimire wetu."

Hivyo ndivyo Adélaïde alivyolisikia jina lake. Hakulitambua. Alikuwa amefikiri maisha yote kwamba siku akilisikia, kitu kitafunguka ndani yake. Hakuna kilichofunguka. Lilikuwa jina zuri la mtu mwingine. Lakini mikono ile iliyomshika uso ilikuwa inalijua, naye akaiachia uso wake.

Shangazi aliitwa Rosalie kwa ubatizo, na M'Mushagalusa kwa baba. Ndani ya nyumba aliwapa maziwa ya kuganda na viazi, akawaeleza mambo yalivyokuwa. Mwezi wa saba mwaka ule ilifika habari kwamba Cirhuza ni mgonjwa machimboni. Haikuwa kweli. Mke wake hakungoja, alimfunga mtoto mgongoni akaenda. Cirhuza naye alikuja likizo mwezi wa tisa, mzima kabisa, na kumkuta mama yake anamuuliza mkeo yuko wapi. Alitembea njia ile ya Mwenga kwenda na kurudi, akiuliza kila kijiji. Mtu mmoja alimwonyesha kaburi la mwanamke aliyezikwa na wapita njia. Kuhusu mtoto, hakuna aliyejua. Likizo ilipokwisha alirudishwa kazini. Mwaka wa nne alikufa huko kwa ugonjwa wa kifua, na jamaa waliletewa kofia yake.

"Alikuwa anasema mutoto yuko," alisema shangazi. "Mpaka mwisho. Wale walileta kofia njo balituambia."

Camille alikuwa ameandika muda wote. Sasa aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mzee anayeweza kumtajia ukoo, hata vizazi vitatu au vinne, kwa ajili ya jambo la ndoa.

"Muzee wa nini?" alisema shangazi. "Iko miye."

Akaeleza bila majivuno. Mushagalusa hakubaki na mtoto wa kiume wa kumfundisha. Basi alimfundisha binti, shambani, mstari kwa mstari: wakilima tuta moja anataja jina moja, na hawasogei tuta la pili mpaka amelishika. Watu walimcheka mzee. Yeye alisema kichwa hakina ndevu.

Aliweka kikombe chini, akafuta mikono, akakaa wima. Majirani wawili walioingia kuona wageni wakanyamaza mara moja, na mmoja akavua kofia. Ndipo alipoanza, kwa Kishi, kwa sauti ambayo haikuwa ile ya kuongea. Ilikuwa ya chini na ilitembea. Balagizi, aliyefika na ng'ombe mmoja na mbwa. Namegabe, mwana wa Balagizi, aliyekata msitu wa kilima hiki. Kahasha, mwana wa Namegabe. Muhigirwa, mwana wa Kahasha, aliyezaliwa baba yake akiwa amekufa. Birindwa. Zihindula, ambaye hakuwahi kusema uongo, akachukiwa kwa hilo. Mugaruka. Bagalwa. Kila jina alilitaja akiwa ameinamisha kiganja kuelekea ardhini. Mushagalusa, mwana wa Bagalwa, baba yangu. Cirhuza, mwana wa Mushagalusa, kaka yangu.

Adélaïde alikuwa anahesabu kwa vidole na vidole vikawa vimekwisha. Watu kumi. Kumi, mmoja ametoka kwa mwingine, bila mmoja kukosekana, hadi kwenye chumba hiki chenye moshi. Alihisi kama mtu aliyedhani amesimama juu ya jiwe, kisha akaambiwa ni mlima.

Alidhani yamekwisha. Lakini shangazi hakuwa amenyamaza. Aligeuza kiganja kikaangalia juu, na sauti yake ikapanda.

"Nsimire, binti wa Cirhuza. Yuko njiani."

Mmoja wa wale majirani akasema "Yuko njiani," kama watu wanavyoitikia kanisani, kisha akashtuka, akamtazama Adélaïde, akaziba mdomo kwa mkono.

"Ni nini hiyo?" aliuliza Stanislas. "Ulisema sasa hivi juu yake?"

"Sasa hivi?" Shangazi alimshangaa. "Tunasema kila mwaka. Tukishavuna maharage, nyumba yote inakutana hapa na ninataja. Bafu, bale bamekufa, mukono chini. Bazima, mukono juu. Baba alipokuwa anazeeka alitaka tumuweke na bafu. Alisema miaka kumi inatosha. Nilikataa. Nilimuuliza, nani aliona kaburi yake? Tuliona ya mama yake tu. Nikasema, miye njo nilimuchoma, miye njo nitamutaja." Akamgeukia Adélaïde. "Toka ile mwaka sijaruka hata mara moja. Bale batoto badogo ba hapa banajua jina yako. Banacheza nayo. Mutoto akitumwa na anachelewa, banamwita Nsimire."

Miaka ishirini na minane Adélaïde alikuwa amejiona kama mtu asiye na mwanzo, kitu kilichookotwa. Na kila mwaka katika miaka ile, siku ambayo pengine alikuwa anapiga pasi shuka za mtu, au anamnyonyesha Noëlla, au anacheka bombani wakimwita M'Masera, watu asiowajua walikuwa wamekaa katika chumba hiki wakamtaja kwa kiganja kilichofunguka, miongoni mwa walio hai. Hakuwahi kukosekana. Alishuka kutoka kwenye kigoda, akapiga magoti chini, na hakujua kama anampigia shangazi, au wale kumi, au Mungu.

Camille alikuwa ameacha kuandika. Miwani yake ilikuwa imejaa ukungu. Noëlla ndiye aliyechukua kalamu mkononi mwake, akaandika jina la kumi na moja kwa mwandiko wake wa shule, kisha, baada ya kumwangalia mama yake, akaandika na la kumi na mbili, lake mwenyewe.

Ukoo wa Balagizi haukuwa na uhusiano wowote na ukoo wa yule kijana. Papa Adalbert alipoletewa daftari alilisoma mwenyewe kwa kidole, jina kwa jina, akavua kofia na kusema kwamba nyumbani kwao wao wanafika saba tu. Harusi ilifanyika mwezi wa kumi na moja. Shangazi Rosalie alikuja Bukavu kwa mara ya kwanza maishani, akakaa siku tisa. Bombani alitembezwa na Adélaïde mwenyewe. "Huyu ni shangazi yangu," aliwaambia wanawake. "Na miye niko M'Cirhuza." Mmoja akauliza kama ni Cirhuza wa Walungu au wa Kavumu, wakaendelea kubishana juu ya hilo hadi ndoo zikafurika. Jina lenyewe lilipita kama jina lolote, na hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote.

Hakuacha kazi ya pasi. Lakini baada ya harusi alienda kwa masera, akamwomba mama mkubwa, kiongozi wao, ruhusa ya jambo ambalo hakuna mtoto wa misheni aliyewahi kuliomba: kitabu cha watoto walioletwa bila wazazi kiangaliwe upya. Mama mkubwa, mwanamke mzee wa Ulaya ambaye hakupenda maneno mengi, alifungua droo ya meza. Kisha akatoa ufunguo. Kitabu hakingetoka, alisema, lakini Adélaïde angeweza kuja na mtu anayejua kusoma, Jumatano alasiri. Basi Jumatano, Noëlla alisoma na Camille akaandika, na siku nyingine Camille aliyapeleka yale maandishi chumba cha nyuma cha ofisi na kuyalinganisha na malalamiko ya miaka ile. Wapo walioonekana upande mmoja tu, na upande wa pili hapakuwa na kitu. Hao walikuwa wengi. Lakini kufikia mvua za mwaka 1959 walikuwa wamewapata watu wanne ambao majina yao yalikuwa yakitafutana katika vitabu viwili.

Wa kwanza kati ya hao wanne alikuwa mwanamke wa Cimpunda, Anne-Marie, muuza sabuni, mwenye ulimi mkali, ambaye, alipoambiwa kwamba kuna mtu aliyewahi kumtafuta ofisini, alimwambia Adélaïde wazi kwamba yeye hatafuti mtu, maisha yake yanamtosha. Adélaïde hakubishana naye. Alinunua kipande cha sabuni. Wiki iliyofuata akanunua kingine. Mara ya tatu Anne-Marie alimsogezea kigoda, akafunga kasha la sabuni ingawa soko lilikuwa bado limejaa, na kuuliza, akitazama pembeni:

"Ile mutu mwenye aliandikwa mu ile kitabu. Alisema nini hasa?"

Adélaïde akaketi na kuanza kumweleza.